Nani Atangulie Kufika Ntoto

Ntoto, mashariki mwa Kongo, ipo pale ambapo milima ya Masisi inaanza kuteremka kuingia msitu wa Walikale. Juu ni malisho ya ng'ombe, mashamba ya viazi na maharage, na jibini la mviringo linalosafirishwa hadi Goma. Chini ni mawese, ndizi, mihogo, na miti mirefu inayoendelea magharibi bila kukatika. Mto Lowa unatoka kwenye miinuko hiyo na kwenda kumwaga maji yake Lualaba. Mahali kama hapa, pangekuwa Afrika Kusini, zamani pangeshaandikiwa orodha yake: poromoko la kutazama, njia ya kutembea kwa miguu, kanisa la kale la wamisionari, shamba linalolaza wageni. Miji midogo mingi ya mashambani kule inajipatia riziki kwa orodha za namna hiyo, na si jambo la kudharau. Kwa hiyo sijiulizi kama Ntoto ina vya kuonyesha. Inavyo vya kutosha. Ninachouliza ni kuhusu uhalali. Je, mtu ana haki, mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu wenzake, kwenda kuburudisha macho mahali ambapo watu waliwindwa, na ambapo wengi waliokimbia hawajapata utulivu wa kurudi? Jibu langu ni kwamba haki hiyo ipo, lakini ina utaratibu wa nani atangulie. Kuna watu wanaopaswa kufika Ntoto kabla ya mtalii, na mpaka hao wawe wamefika, uzuri wa pale haujawa halali kwa mtu mwingine kuufanya burudani.

Soko la Ntoto lilishambuliwa Jumamosi, tarehe 20 Machi 1993. Wanamgambo wa Kinyanga na Kihunde waliingia katikati ya watu waliokuwa wakiuza na kununua, wakawaua Wahutu kwa bunduki, mapanga, mikuki na mishale. Wapo waliozama Lowa wakijaribu kuvuka. Kesho yake, Jumapili, mauaji yakafika Buoye, kijiji cha jirani, yakawakuta watu kanisani. Umoja wa Mataifa ulipoandaa ripoti yake kubwa juu ya uhalifu uliotendwa Kongo, ile iliyotolewa mwaka 2010, ulianza kuhesabu tangu mwezi huo wa Machi 1993. Katika wiki zilizofuata moto ulisambaa Masisi nzima. Wahutu nao wakashika silaha, Wahunde wakauawa, vijiji vya pande zote vikateketezwa. Makadirio ya Madaktari Wasio na Mipaka yanataja vifo kati ya 6,000 na 15,000 katika miezi michache tu, na watu wapatao 250,000 waliohama makwao. Hayo yalitokea mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na bila shaka ndiyo maana dunia imeyasahau, kana kwamba msiba mkubwa una ruhusa ya kufuta msiba mdogo.

Tazama mahali walipopachagua wauaji. Hawakuanzia mashambani. Walianzia sokoni, halafu kanisani. Mtu wa vita atasema sababu ni wazi, kwamba hapo ndipo watu hukusanyika wengi bila ulinzi. Ni kweli, lakini haitoshi. Soko na kanisa ndivyo vivutio vya kijiji, na vilikuwa hivyo kabla mtu yeyote hajawaza kuuza tiketi ya kuona sokwe. Mama wa mlimani hushuka na mzigo wa maharage mgongoni, kamba ikiwa imezungushwa kwenye paji la uso, shingo imekaza, mikono miwili mitupu. Anayepanda kutoka msituni huja na vidumu vya mawese na mikungu ya ndizi. Maharage hupimwa kwa kopo, na kopo halihesabiwi limejaa mpaka kilele kiporomoke pembeni. Hapo huanza mabishano, kisha nyongeza ya kiganja kimoja, kisha kicheko. Anayeongea Kinyanga nyumbani, anayeongea Kihunde na anayeongea Kinyarwanda wote hapo hushuka kwenye Kiswahili. Ziara ya kwanza ya mwanadamu kwa mwenzake, katika nchi ya aina hii, ilikuwa ziara ya sokoni. Kwa hiyo waliovamia soko la Ntoto hawakuua watu tu. Waliua pia desturi ya kutembeleana, wakawafundisha majirani kwamba kwenda kwa mwenzako ni kujipeleka machinjioni. Jeraha la Ntoto ni jeraha la ugeni wenyewe, na haliwezi kupona kwa kuletewa wageni wa mbali wasiojua kwamba limekuwepo.

Fikra hii, kwamba mgeni hupitia kwanza kwa mwenye jeraha, haikuletwa na mtu wa nje. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, ambao msimulizi She-Karisi Rureke aliusimulia mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck. Biebuyck na msomi wa Kinyanga Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anamfuata baba yake aliyemkimbia hadi kuzimu, katika nchi ya Muisa. Kabla hajamfikia Muisa anakutana na Kahindo, binti wa huyo bwana, mwili wake umejaa buba. Kahindo ndiye anayemweleza adabu za kule ndani: kiti atakachopewa asikikalie, pombe na chakula atakavyoandaliwa asivipokee, kwa kuwa ni mitego. Naye Mwindo, ambaye ni shujaa mwenye majivuno kupita kiasi, anainama na kumwosha vidonda ndipo aendelee mbele. Masimulizi mengi ya safari duniani yanamweka mlangoni mlinzi wa kupigwa au wa kudanganywa. Simulizi hili linamweka mgonjwa. Maarifa ya kuingia yako kwa mwenye kidonda, na anayetaka kuona yaliyo ndani hana budi kupitia kwake. Baadaye, Mwindo akiwa amekuwa mfalme, anamuua Kirimu, joka la msituni, bila kujua kwamba Kirimu amechanjiana damu na Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua angani, anamtesa kwa mvua, baridi na jua, na kumrudisha duniani na sharti la kutoua tena wanyama. Huko msituni hakuna kiumbe asiye na rafiki. Unachokiona mbele yako kina uhusiano usiouona, na uhusiano huo una haki zake. Watu waliokuwa na fundisho hili hawakuzuiwa nalo kuua mwaka 1993, hilo lazima likubaliwe. Lakini Injili nayo haikuwazuia Wakristo waliokuwemo. Mafundisho hupimwa pia kwa jinsi yanavyowahukumu wenye nayo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Masisi kwenyewe. Mtu wa huko anaweza kuniambia: wewe unapanga watu kwa utangulizi, wenyeji kwanza na wageni baadaye, na hiyo ndiyo hesabu iliyotuua. Ana sababu ya kusema hivyo. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamisha Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, kwa maelfu na kuwapa makazi Masisi, hasa Gishari, kwenye ardhi ya machifu wa Kihunde. Wakati huohuo Kivu ilikuwa tayari na Wanyarwanda walioishi humo kabla ya mipaka ya Wazungu kuchorwa. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wao. Ya mwaka 1981 ikawanyang'anya. Kila mwanasiasa aliyehitaji jukwaa aliuliza nani alikuja lini, na kila mara swali hilo lilipoulizwa kwa sauti kubwa, mtu fulani alinoa panga. Basi kusema leo kwamba kuna wa kutangulia na wa kufuata kunaweza kusikika kama kuwasha kiberiti palepale petroli ilipomwagika.

Nalipokea pingamizi hilo kwa uzito wake, na nadhani linajibiwa na dini kuliko linavyojibiwa na sheria. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu anawakataza Waisraeli kuiuza ardhi moja kwa moja, na sababu anayoitoa ni ya kushangaza: ardhi ni yake yeye, nao wanaishi kwake kama wageni na wapitaji. Watu haohao walioahidiwa nchi wanaambiwa hawana hati ya milele. Qurani nayo, katika sura ya Al-A'raf, inamweka Musa akiwaambia watu wake kwamba ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, na huirithisha amtakaye miongoni mwa waja wake. Tukichukua mafundisho haya kwa ukweli wake, aliyefika kwanza hana cheo cha kumfukuzia aliyefika baadaye, maana wote wawili wamepokewa na mwenye nyumba mmoja. Mwenyeji basi hatambulikani kwa tarehe ya babu yake kufika. Anatambulikana kwa kubaki: mtu mwingine akifurahi na kuondoka, yeye ndiye anayeachwa na matokeo, ndiye mwenye shamba la kupalilia na kaburi la kutunza. Kwa kipimo hicho Mnyanga, Mhunde, Mhutu, Mtutsi na Mtwa wa sehemu hizo wote ni wenyeji, pamoja na yule aliyeko kambini akiwa na ufunguo wa nyumba isiyokuwepo tena. Mpaka ninaouchora haupiti kati ya kabila na kabila. Unapita kati ya anayepategemea mahali kwa uhai wake na anayekuja hapo kwa starehe yake.

Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alifika jirani na hapo kwa njia ya falsafa. Alisema kila mwanadamu ana haki ya kuzuru nchi ya mwenzake na kutotendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni tufe, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, na uso wake ni mali ya wote kwa asili. Lakini akaongeza kwamba haki ya kuzuru si haki ya kukaa, na akayalaumu mataifa ya biashara ya Ulaya kwa sababu kwao kuzuru nchi za wengine na kuziteka vilikuwa kitu kimoja. Kongo inaweza kulithibitisha hilo bila kuhitaji mwanafalsafa. Waliokuja kutazama walifuatwa na waliokuja kupima, na waliopima wakafuatwa na waliochukua.

Hata macho yenye nia njema yamewahi kuchukua. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Kahuzi-Biega ilifuata mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 hivi, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kufikia 600,000, ikameza msitu wa bondeni mpaka sehemu za Itebero katika Walikale yenyewe. Ilikusudiwa kumlinda sokwe wa Grauer, kiumbe ambaye kweli yuko hatarini na ambaye nisingependa hata siku moja asikike tu katika hadithi. Lakini Batwa walioishi msituni humo walifukuzwa bila kuulizwa na bila fidia, wakaishia pembezoni mwa mashamba ya watu wengine. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ilisema Kongo ilivunja haki zao, na ikataka ardhi yao irudishwe. Kenya ilikuwa imeshasikia jambo kama hilo: Waendorois waliondolewa Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi, na tume hiyohiyo ikaamua kesi yao mwaka 2009. Katika uamuzi wa Bogoria kuna jambo ambalo wapangaji wa utalii hawalitaji. Tume ilikuta kwamba haki ya dini nayo ilivunjwa, kwa kuwa ziwa lile, lenye chemchemi za maji moto zinazopigwa picha na kila apitaye, lilikuwa mahali pa ibada na pa wahenga. Mtalii aliruhusiwa kusimama ukingoni na kamera. Aliyezoea kusali palepale aliambiwa aombe kibali. Hakuna ubishi wa kifalsafa unaoweza kuonyesha utaratibu uliopinduliwa waziwazi kuliko huo.

Lakini watu wana njaa, nitaambiwa, na hoja hizi hazijazi chungu. Rwanda inatoza dola 1,500 kwa mtu mmoja kukaa saa moja na sokwe tangu mwaka 2017, na sehemu ya kumi ya mapato ya hifadhi zake inarudi kwa jamii zilizo jirani. Nani ana haki ya kuwanyima watu wa Masisi na Walikale riziki ya namna hiyo kwa kisingizio cha heshima? Mimi siwanyimi. Fedha inayoingia mkononi mwa mwanamke anayepika sombe kwa ajili ya wapita njia ni fedha njema, na anayeidharau hajawahi kuikosa. Ninachosema ni kwamba fedha ya wageni hufuata njia iliyokwishachongwa. Kama majirani hawajapatana nani anamiliki njia, nani anapokea, nani anaongoza, dola ya kwanza itakuwa sababu ya ugomvi wa kwanza, na kila anayeweka kizuizi barabarani atataka kodi yake. Mwezi Mei 2018 wageni wawili Waingereza walitekwa Virunga na askari wa hifadhi aliyekuwa nao akauawa. Hifadhi ikafungwa kwa watalii hadi mwaka uliofuata. Wageni wale waliachiliwa. Yule askari, mwanamke kijana, alizikwa. Riziki inayojengwa juu ya ardhi isiyopatanishwa inalipiwa na mwenyeji, na hulipiwa kwa damu. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walijua kwamba mwenyeji anaweza kuwa mgonjwa na kwamba kuja kwa mtu kunaweza kumponya. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji akusahaulie ugonjwa wake ili upate kupiga picha.

Pingamizi jingine linakuja kwa upole zaidi, na mara nyingi kutoka kwa watu wa dini: acha wafu walale. Kwa nini kumpeleka mtu penye mauaji? Kumbukumbu hufukua chuki, na msitu umekwishafunika kilichofunikwa. Hili nalikataa, ingawa naelewa uchovu uliolizaa. Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na Waanglikana wakajenga kanisa palepale. Tangu mwaka 1998, nje ya kanisa hilo kuna shimo lenye sanamu za watu watano, kazi ya Clara Sörnäs, na minyororo shingoni mwao. Mtu anayeingia kusali anapita karibu nao. Ibada ile haijadhoofishwa na sanamu zile. Imefanywa kuwa ya kweli. Nyamata, Rwanda, nguo za waliouawa mwaka 1994 zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa walimokimbilia, na mwaka 2023 mahali hapo paliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Kimya hakikuwa kinawalinda wafu hao. Kilikuwa kinawalinda waliowaua.

Hata hivyo kumbukumbu nayo inaweza kuwa silaha, na hapa Afrika Kusini inatufundisha kitu zaidi ya orodha zake za maporomoko. Isandlwana, ambako jeshi la Kizulu liliwashinda Waingereza tarehe 22 Januari 1879, kumejaa marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa yanayoonyesha walipozikwa askari wa Uingereza. Wageni wamekuwa wakiyatembelea vizazi kwa vizazi. Ukumbusho wa Wazulu walioanguka siku hiyo, wenye umbo la mkufu wa ushujaa, ulizinduliwa mwaka 1999. Miaka 120 wageni walikuja, wakatazama bonde lilelile, wakahesabu wafu wa upande mmoja, katika nchi ya watu wa upande wa pili. Ntoto ikijengewa jiwe lenye majina ya Wahutu wa tarehe 20 Machi pekee, Mhunde aliyempoteza mama yake wiki mbili baadaye atalipita jiwe hilo akiona limejengwa dhidi yake. Ikijengewa jiwe la Wahunde pekee, uovu wa sokoni utakuwa umetendwa mara ya pili. Kwa sababu hiyo sioni jiwe lolote linaloweza kusimama pale kabla ya watu wa pande hizo kukaa na kutajiana majina ya wafu wao ana kwa ana. Kivu Kaskazini si ngeni kwa vikao vya namna hiyo. Barza la jamii mbalimbali lililoundwa mwaka 1998 liliwakutanisha wazee wa makabila ya mkoa kwa miaka kadhaa, na pamoja na udhaifu wake lilionyesha kwamba mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kwa lugha yetu na kwa adabu yetu.

Kuna anayesema mlima hauna hatia: machweo hayaulizi kabila, Zaburi ya 19 inazifanya mbingu zenyewe zimtangaze Muumba, na kumkataza mtu kutazama ni kumziba Mungu mdomo. Nakubaliana naye karibu yote. Mlima hauna hatia. Anayechunguzwa hapa ni mtazamaji. Qurani inarudia mara nyingi agizo la kusafiri katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotangulia ulikuwaje. Jicho la msafiri halikatazwi, linapewa kazi. Uzuri wa kingo za Lowa hauondolewi na waliozama humo, na atakayekaa ukingoni akijua vyote viwili hataona kidogo kuliko yule anayejua kimoja. Ataona kilichopo.

Na sasa nitaambiwa kwamba haya yote ni mazungumzo ya bure, maana vita bado vipo. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, kisha Goma. Machi wakaingia Walikale-kati, wakaondoka Aprili. Nani anawaza utalii? Nami nasema huu ndio wakati wa kuuwaza utaratibu, kwa sababu amani ikifika haitasubiri mtu amalize kufikiri. Watakaofika kwanza na ramani ni wenye fedha. Walikale inalijua hilo kuliko sehemu nyingi: bati la Bisie lilileta maelfu ya wachimbaji, wanunuzi na wenye bunduki hata kabla ya barabara kufika, na mwenye kijiji akajikuta anaomba nafasi penye udongo wake. Waendorois na Batwa walichukua miongo kadhaa kudai kwa maandishi kile ambacho kingeweza kuulizwa kwa mdomo kabla ya kuanza. Kama msitu na miinuko ile itakuja kutembelewa, na natumaini itatembelewa, basi makubaliano yatangulie. Waliokimbia wawe wa kwanza kurudi kuona, wakisindikizwa na wale wanaowaogopa, hata kama ni kwa siku moja ya soko. Baada yao aje jirani wa wilaya ya pili, anayenunua na kusalimia. Waongozaji watoke katika jamii zote, Batwa wakiwemo, nao wasifundishwe kusimulia upande mmoja. Misitu ya jando ibaki ya wenyewe. Na ikiwa watu hao, wakishakaa pamoja, wataamua kwamba sehemu fulani ya ukingo wa Lowa isipitishwe njia ya wageni, uamuzi huo uheshimiwe hata kama hapo ndipo mto unapopendeza zaidi.